Kumtobolea paka kilango bila kuwatobolea mbu na vibaka

Kukata tundu la paka kwenye mlango ni kazi ya robo saa kwa fundi mwenye jigso, ule msumeno mdogo wa umeme. Siku mbili zinazobaki ni za kuhakikisha tundu hilo haliwi la mbu, la panya buku, la shume wa mtaa wa pili na la mkono wa kibaka unaotafuta komeo. Nimeifanya kazi hii mara mbili nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Mara ya kwanza niliharibu. Ya pili imekaa vizuri kiasi kwamba mama mkwe, aliyeapa kuwa mlango wa mninga haukatwi kwa ajili ya mnyama, sasa ndiye anayewafokea wajukuu wakiegemeza ndoo mbele ya kilango.

Wazee walisema paka wa nyumba haingwa. Hawakusema nani ataamka kumfungulia. Paka wangu, Sharubu, alikuwa na ratiba yake: nje saa nne usiku, ndani saa tisa, nje tena mwadhini wa alfajiri akianza tu. Ukimpuuza analia. Ukizidi kumpuuza anapanda dirisha la jikoni na kuuchana wavu. Ulipochanwa wavu wa tatu, nikaona heri nikate mlango mwenyewe, kwa vipimo.

Kabla hujashika msumeno

Kama umepanga, anza na mwenye nyumba, na upate ruhusa yake kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Akikataa, ipo njia ambayo rafiki yangu wa Kinondoni aliitumia: alinunua mlango wa flashi (wa plaiwudi) wa bei nafuu wenye vipimo vilevile, akautoboa huo, akauvua mlango wa mwenye nyumba na kuuhifadhi stoo ukiwa umesimama wima. Siku ya kuhama atarudisha ule wa zamani na kuondoka na wake.

Kisha chagua mlango. Wa mbele usiuguse. Wa nyuma, unaotokea uani, ndio wenyewe, hasa kama nje yake kuna geti la nondo. Geti hilo likifungwa kwa kufuli ndilo litakalokupa usingizi: paka anapita kati ya nondo, mtu hapiti. Pima nafasi ya nondo za chini. Sharubu ana kilo 5 na anapita penye sentimita 11 bila kujikunja. Kama fundi chuma alikuwekea maua na mizunguko chini ya geti, hakikisha paka anapenya kweli kabla hujaanza kukata mbao.

Sasa gonga mlango kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama ngoma, ni flashi: plaiwudi mbili nyembamba, na katikati kuna vipande vichache vya mbao au karatasi ngumu iliyosukwa kama sega la nyuki. Unakatika kirahisi, lakini ukishaukata unabaki na pango, na nitalirudia pango hilo maana ndilo lililoniponza.

Ukilia mzito, ni mbao tupu, na mara nyingi utakuwa wa paneli, wa mninga au mkongo. Hapa lipo jambo moja la kuheshimu: ubao mpana wa chini, ule unaolala kutoka upande mmoja hadi mwingine, umeshikwa na zile mbao za wima kwa ulimi. Usiukate. Ukishaukata, mlango hulegea pembe, ukaanza kukwaruza sakafu, na hakuna bawaba itakayokuokoa. Kata paneli iliyo juu yake.

Mlango wa bati la chuma ni kazi ya grenda na kuchomelea, na mafundi wa Gerezani wataifanya bila kutoka jasho. Wewe sisitiza jambo moja tu: kingo zote zivikwe mpira, kwa sababu bati lililokatwa ni wembe. Mlango wa alumini wenye kioo nao una sharti lake. Kioo cha kawaida hukatwa, lakini kile kigumu cha usalama, kinachovunjika kuwa chembechembe, hakikatwi wala kutobolewa kikishatoka kiwandani. Utalazimika kuagiza kipya chenye tundu, au kutoa kioo cha chini na kuweka ubao mahali pake. Mimi ningeweka ubao.

Mpime paka

Weka dagaa wawili sakafuni kando ya ukuta. Paka akisimama kula, weka alama ya penseli ukutani usawa wa tumbo lake. Kwa paka mzima alama hiyo huwa kati ya sentimita 12 na 15 kutoka sakafuni, na hapo ndipo ukingo wa chini wa tundu unapotakiwa kuwa, ili aruke kizingiti kwa hatua moja bila kutambaa wala kurusha mwili.

Kisha pima upana wa mwili penye unene zaidi, ongeza sentimita 2 kila upande. Tundu la upana wa sentimita 15 na kimo cha 17 linamtosha paka yeyote niliyewahi kumwona Dar. Kama wako bado mtoto, mkatie kwa vipimo vya ukubwani, hasa akiwa dume. Kama ni jike na hujamfunga kizazi, kumbuka mimba.

Vipimo hivi vinagongana na mlango wa paneli. Ule ubao wa chini usiokatwa una sentimita 20 au zaidi, kwa hiyo tundu litakaa juu kuliko tumbo. Tena nyumba zetu nyingi zina ngazi moja mlango wa nyuma, ili maji ya mvua yasiingie, na huko nje ardhi iko chini zaidi. Ndani utapima 22, nje utakuta 38. Suluhisho ni tofali: moja ndani, mawili nje yaliyopangwa kama ngazi na kuunganishwa kwa saruji kidogo yasije yakayumba. Paka akiyumbishwa mara moja, hatalisogelea tena kwa wiki nzima.

Kununua au kutengeneza

Vilango vya dukani vipo, vya plastiki, vyenye kibawa kinachoning'inia (hicho kipande kinachofunguka paka akisukuma kwa kichwa). Vizuri zaidi vina kitufe cha kuchagua hali nne: kuingia tu, kutoka tu, kote kuwili, au kufungwa kabisa. Vya ghali husoma chipu, ile punje ndogo kama ya mchele ambayo daktari wa mifugo humwingiza paka chini ya ngozi katikati ya mabega, yenye namba ya tarakimu 15. Kilango kinaisoma namba na kumfungulia mwenye nayo peke yake. Kinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika hakijali. Ila usikifunge moja kwa moja kwenye mlango wa chuma. Chuma huchanganya usomaji. Kata tundu kubwa zaidi, weka ubao, kisha kilango kikae kwenye ubao.

Cha kwanza nililetewa na ndugu aliyetoka Uingereza. Kilikuwa kimetengenezewa milango myembamba ya kwao; nilipojaribu kukihamishia kwenye mlango wangu wa pili, wa mninga wa milimita 45, skrubu zake hazikufika upande wa pili. Kwa hiyo kabla hujaagiza, pima unene wa mlango pale hasa utakapokata, maana paneli huwa nyembamba kuliko fremu yake.

Safari ya pili nilitengeneza, na sirudi nyuma. Mahitaji yenyewe ni haya:

Kibawa nilikikata kwenye tyubu ya tairi la lori, kipande kisicho na kiraka. Mpira huo ni mzito kiasi cha kurudi chini wenyewe na mlaini kiasi cha kutomuumiza paka mkia. Fundi viatu alinikunjia ukingo wa juu na kuushona kwa uzi wa nailoni, akaacha njia ya kupitisha spoku ya baiskeli. Spoku ndiyo ekseli. Wapo wanaotumia perspeksi (plastiki ngumu kama kioo) ya milimita 4, na ina faida kwa paka mwoga kwa sababu anaona ng'ambo. Lakini perspeksi hugonga fremu kila anapopita, na saa tisa usiku utausikia mgongano huo.

Sumaku niliipata bure kwa fundi friji. Ile raba inayozunguka mlango wa friji ina utepe wa sumaku ndani yake. Friji bovu moja lina utepe wa kutosha vilango kumi.

Brashi nilipewa na fundi alumini: ule ukanda wa manyoya mafupi unaowekwa kwenye madirisha ya kusukuma. Mita 1 inatosha.

Halafu fremu mbili za mbao za upana wa sentimita 4, moja ndani na moja nje, bolti nane zenye vichwa vya mviringo pamoja na nati na washa, silikoni, msasa, dawa ya mchwa na vanishi. Kariakoo utavipata vyote katika mtaa mmoja. Kama unaishi Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, nunua bolti za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Upepo wa chumvi hula zile za kawaida, na kutu litashuka kwenye mlango kama machozi ya wino.

Kukata

Pateni bei na fundi kabla hajashika kifaa, na awe seremala kweli. Mafundi wa Keko huja hadi nyumbani ukiwaita, na wengi watashangaa kidogo. Wangu aliuliza mara mbili kama nimesema paka au pakacha. Alipoelewa akacheka, kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: "Sasa mama, hili komeo la chini si litakuwa karibu na tundu? Mtu anaingiza mkono hapa, anachomoa." Fundi akikuuliza swali la namna hiyo, usimpunguzie hela.

Kabla mlango haujavuliwa kwenye bawaba, chukua chaki uandike JUU, CHINI, NDANI na NJE. Usicheke. Jirani yangu mmoja mlango wake ulilazwa juu ya meza, fundi akazunguka kunywa maji, aliporudi akapima kutoka upande aliouona ndio wa chini. Mlango uliposimamishwa, tundu likawa usawa wa kifua cha mtu mzima. Leo wanalitumia kupokelea maziwa.

Mlango ukiwa umelala juu ya meza au stuli mbili, chora tundu. Lisogeze upande wa bawaba, mbali na kitasa, lakini acha sentimita 10 za mbao nzima kati ya tundu na ukingo. Hakikisha mistari kwa kupima kona kwa kona. Vipimo hivyo viwili vikilingana, kona zako zimenyooka kweli. Bandika selotepu ya karatasi juu ya mistari na uchore upya juu yake. Meno ya jigso hukata yakipanda, kwa hiyo uso wa juu ndio unaochanika, na selotepu huushika. Kwa sababu hiyo hiyo, upande usioutaka uonekane na mikwaruzo uelekee chini.

Toboa kona nne kwa drili, ndani ya mistari, kwanza kwa biti nyembamba inayotokea upande wa pili, geuza mlango uone kama imetokea mahali pake, ndipo uweke biti ya milimita 10. Chini ya mlango weka kipande cha ubao chakavu ili biti ikitokea isibomoe. Ingiza jigso kwenye kona moja na ukate taratibu. Mninga ni mgumu. Ukilazimisha, wembe unapinda na mbao inaanza kutoa moshi. Badilisha wembe mapema. Vumbi lake linawasha pua na kifua, kwa hiyo barakoa zile tulizozizoea zitoke kabatini, na watoto wakae mbali. Na hakikisha luku ina yuniti kabla ya kuanza. Umeme wetu ulikatika tukiwa upande wa tatu, ikabidi fundi amalizie kwa msumeno mwembamba wa mkono, na upande huo hadi leo ndio ulionyooka kuliko yote.

Lainisha kingo kwa msasa hadi uweze kupitisha kitambaa cha kanga bila kunasa.

Pango la mlango wa flashi

Mlango wangu wa kwanza ulikuwa flashi. Tulikata, tukapachika kilango cha plastiki, tukashukuru. Baada ya miezi mitatu nikaanza kuona unga mwembamba sakafuni. Ule uwazi wa katikati ulikuwa umebaki bila kuzibwa: mende waliweka makazi upande wa kulia, mchwa kushoto, na mvua ya masika ikailainisha plaiwudi ikafura kama andazi. Mlango wote ukatupwa.

Ili yasikukute, baada ya kukata ingiza vijiti vya mbao kavu ndani ya uwazi, pande zote nne, vyenye unene uleule wa pengo. Vipake gundi nyeupe ya mbao, vikaze kwa jiriwa au hata kwa kamba na kabari, uache usiku kucha. Hapo ndipo tundu linapata kuta. Bolti nazo zinapata mahali pa kukaza. Bila vijiti, ukikaza nati plaiwudi inabonyea.

Mlango wowote ule, flashi au mbao tupu, kingo mpya zipakwe dawa ya mchwa, zikauke, kisha vanishi au rangi ya mafuta mara mbili. Mbao iliyokatwa hunywa maji kama udongo.

Kupachika

Paka silikoni nyuma ya fremu ya nje, ikandamize kwenye mlango, kisha fremu ya ndani, halafu pitisha bolti kutoka nje kuja ndani. Vichwa laini viwe nje ili asiwepo wa kuvifungua kwa bisibisi. Nati ziwe ndani. Skrubu za kawaida sizishauri hapa.

Ning'iniza kibawa kwa spoku. Kipungue milimita 3 kila upande kuliko tundu. Wengine hukata kikae barabara kabisa, kinapendeza Januari, na Aprili mbao zinafura kwa unyevu, kibawa kinakwama, na paka anarudi kwenye wavu wako wa dirisha. Hizo milimita 3 ndizo zinazozibwa na ukanda wa brashi, uliogundishwa kwenye fremu kushoto na kulia, manyoya yakigusa kibawa. Chini, gundisha utepe wa sumaku kwenye kizingiti na kipande chembamba cha chuma kwenye ukingo wa kibawa. Sumaku iwe chini tu. Niliwahi kuizungusha pande zote kwa tamaa ya kuziba, Sharubu akasukuma, akanitazama, akaenda zake.

Juu ya tundu, upande wa nje, piga kijipaa cha ubao au bati kilichoinama, kitokeze sentimita 8 hivi. Kama mlango wako unaelekea kusini, kijipaa hicho ni lazima, pamoja na sumaku nzuri: kuanzia Aprili upepo wa kusi utakuwa unapiga kibawa usiku kucha.

Mbu

Kanisa kuu la Exeter, Uingereza, lina tundu la mviringo chini ya mlango ulio karibu na saa yao ya kale, lililokatwa zamani ili paka aingie kukamata panya. Ni tundu tu, halina kibawa. Wao hawakuwa na mbu wa bonde la Msimbazi.

Sisi tuna wa usiku wanaoleta malaria, na tuna wa mchana wenye mistari myeupe miguuni walioleta homa ya dengue hapa jijini mwaka 2014 na tena 2019. Kwa hiyo fanya jaribio hili: usiku, zima taa za ndani, mtu asimame nje amulike kilango kwa tochi ya simu. Kila uzi wa mwanga unaouona ndani ni njia ya mbu. Ongeza brashi hapo. Rudia hadi kuwe giza.

Nimeshauriwa kujenga kisanduku chenye vibawa viwili, kimoja nje kimoja ndani, ili kimoja kiwe kimefungwa daima. Wazo ni zuri, lakini kisanduku lazima kiwe kirefu kuliko paka, sentimita 50 na zaidi bila mkia, la sivyo vyote viwili vinakuwa wazi yeye akiwa katikati. Kwenye jiko la kawaida la Dar hicho ni kitu cha kujikwaa. Kibawa kimoja chenye brashi kinatosha, na chandarua kitandani kibaki palepale.

Mkono wa mtu

Lala chini nje ya mlango wako, ingiza mkono tunduni hadi bega, na ujaribu kujiibia. Majirani watakuuliza, waambie. Jaribu kufika kwenye komeo la chini, ufunguo ulioning'inizwa, kitasa. Kisha jaribu tena ukiwa na kipande cha waya, maana kibaka haji mikono mitupu.

Kwangu komeo la chini lilihamishiwa juu siku hiyohiyo, kama fundi alivyoonya. Ufunguo hauachwi tena kwenye kitasa. Na upande wa ndani tuliweka reli mbili nyembamba za mbao zenye kipande cha plaiwudi kinachoteleza kushuka mbele ya kilango, na kijikomeo kidogo. Tukisafiri kinashushwa. Tundu lenyewe usilipanue kupita sentimita 17 kwa hoja kwamba paka wako mnene. Kila sentimita unayoongeza inaanza kumfaa mtoto anayetumwa na wakubwa wake. Na kama una mtoto anayetambaa, usimwache peke yake hapo. Kichwa kikiingia, kutoka ni mtihani.

Kumfundisha

Siku nne au tano za kwanza, kibawa kifungwe juu kwa selotepu, tundu libaki wazi mchana tu, ukiwa nyumbani. Weka sahani ya vichwa vya samaki upande wa pili. Wa soko la Feri wananukia hadi paka wa jirani wanajua. Mwite. Usimsukume, hata kidogo, hata kwa upole. Paka aliyesukumwa hukumbuka mkono, tundu na siku yenyewe.

Akishazoea kupita, shusha kibawa nusu, kisha robo tatu, sumaku ikiwa bado haijabandikwa. Sumaku iwe ya mwisho. Sharubu alichukua siku 11. Paka mzee anaweza kuchukua mwezi, na wapo wanaojifunza kutoka siku ya pili lakini kuingia wanalia mlangoni kama zamani, kwa sababu wamezoea kufunguliwa. Huyo muache alie kidogo, ukiwa umekaa ndani na samaki anakaangwa.

Shume

Usiku wa sita nilisikia sahani jikoni, nikajua ni Sharubu. Sharubu alikuwa miguuni kwangu, masikio yamesimama. Jikoni alikuwa shume wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika, amemaliza changu wawili wa kesho na anaramba sufuria. Aliponiona hakukimbia. Alitembea.

Bila kilango cha chipu, dawa ni ratiba. Mlishe paka wako magharibi, ndani, kisha ondoa sahani zote. Chakula kisilale wazi. Wiki mbili za mwanzo shusha plaiwudi kuanzia saa nne usiku hadi asubuhi, huku paka wako akiwa ndani na boksi la mchanga. Shume akikuta pamefungwa siku kadhaa, njia yake anaihamishia kwingine. Kama wako ni dume, muhasi. Dume asiyehasiwa hualika ugomvi na hukojolea mlango, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake.

Na kwa kuwa sasa anatoka usiku na kukutana na nani hujui, chanjo ya kichaa cha mbwa si ya mbwa peke yao. Paka huanza kuchanjwa akiwa na miezi 3, kisha fuata tarehe za kurudia ambazo daktari wa mifugo atakuandikia.

Baada ya hapo

Kila mwisho wa masika futa manyoya ya paka yaliyonasa kwenye brashi, kagua kutu kwenye spoku, angalia kama silikoni imebanduka. Mijusi kafiri watapenda kukaa juu ya fremu. Waache, wanakula mbu. Sisimizi wakianza kupanga mstari kizingitini, kuna samaki alidondoshwa njiani.

Kile kipande kilichokatwa usimwache fundi aondoke nacho, na wangu alikitaka, alisema kinafaa ubao wa kukatia nyama. Andika nyuma yake ni cha mlango upi na upande upi ni wa juu. Ukihama, au ukiuza nyumba kwa mtu asiyependa paka, kitarudishwa kwa gundi na vijiti viwili, na mistari yake itaonekana kidogo tu. Changu kiko juu ya kabati la vyombo. Sharubu amekifanya kitanda cha mchana.